Kitabu gani mpaka leo hakijakutoka kichwani?

Watu wakitaka hadithi ya kusoma huwa wanauliza swali lilelile, "nitajie kitabu kizuri", na hapo ndo mambo yanapoharibika, maana ukimwambia mtu akutajie kizuri anaanza kujikaza, anawaza ataonekanaje. Utatajiwa kitabu chenye tuzo, cha mwandishi mkubwa, ambacho huyo anayekutajia alikiacha ukurasa wa 40 na hatakwambia. Mi siku hizi nauliza tofauti, nauliza hivi: kitabu gani ulisoma zamani na mpaka leo hakijakutoka kichwani? Basi majibu yanageuka kabisa. Mzee mwenye heshima zake anakutajia hadithi ya sungura na fisi. Mhasibu anakutajia riwaya ya kijasusi iliyokuwa imechanika kava hata jina la mwandishi hakulijua. Msomi wa fasihi anazungukazunguka weee, mwisho anakutajia hadithi ya mapenzi na anacheka kwa aibu.

Ni hiyo aibu ndo inanisumbua. Maana kama kitabu kimekaa na wewe miaka na miaka, unakumbuka mpaka sentensi, unamkumbuka yule mhusika kuliko unavyowakumbuka watu uliosoma nao darasa moja, sasa unaona aibu ya nini? Nadhani tumefundishwa mipaka miwili bila kujua. Mmoja wa aina, kwamba kuna hadithi za maana na kuna hadithi za kupotezea muda. Mwingine wa umri, kwamba hiki cha watoto, hiki cha vijana, hiki cha wakubwa, na ukishavuka hurudi nyuma. Mimi naona mipaka yote miwili inamsaidia anayepanga vitabu kwenye rafu, msomaji haimsaidii kitu, na ukiangalia vitabu vinavyobaki kichwani utaona vingi vimeivuka.

Tuanze na huo wa aina. Kwenye Kiswahili mpaka huu una majina yake kabisa, wahakiki wanakwambia kuna riwaya dhati na kuna riwaya pendwa. Dhati ndo za kuchambuliwa. Pendwa ndo za upelelezi, ujasusi, mapenzi, yaani zile ambazo watu wanazisoma kwa hiari yao bila kulazimishwa na mtihani, na mi kila nikiliona hilo neno pendwa likitumika kama kasoro nacheka, eti kosa lake kubwa ni kwamba imependwa.

Sasa mchukue Muhammed Said Abdulla. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58 ikatoka kitabu 1960, na ni hadithi ya upelelezi, kuna maiti, kuna mashaka, kuna mpelelezi Bwana Msa na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum pembeni anashangaa. Ukiwa umeshasoma Sherlock Holmes, aliyetokea kwa mara ya kwanza 1887, utaona haraka sana kwamba Najum ni Watson, yule rafiki wa Holmes, na kile kiko unakijua kimetoka wapi. Lakini jaribu kumuuliza mtu aliyesoma vitabu vya Bwana Msa miaka ishirini iliyopita muuaji alikuwa nani. Wengi hawakumbuki! Wanachokumbuka ni yale mazungumzo, jinsi watu wanavyorushiana maneno, ule utani, ile njia ya Bwana Msa ya kukaa kimya wakati kila mtu ana jibu, na Kiswahili chenyewe ambacho kinateleza mpaka unasahau kuna mtu kafa. Fumbo limekushika mkono tu likuingize ndani, ukishaingia unakuta watu wazima wenye tamaa na siri na ujinga wao, na hao ndo unaondoka nao.

Ndo maana nasema upelelezi ni mlango mzuri sana wa kuingilia. Una ahadi ya wazi, nitakwambia mwishoni, na hiyo ahadi inamfanya hata asiyezoea kusoma avumilie kurasa za katikati. Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango, hawa wamewafanya watu wengi wasomaji kuliko orodha nyingi za vitabu vya lazima, sina takwimu ya kukupa ila kaa na watu wanaosoma uwaulize walianzia wapi. Naamini pia (na hapa najua wengine mtanipinga) kwamba kasi ya riwaya ya kijasusi ni ufundi, kuandika sura inayomfanya mtu asilale si jambo dogo, wapo waandishi wa "dhati" wangefaidika kwenda kujifunza huko.

Halafu kuna vitabu vinavyovunja rafu kabisa. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, 1999, wewe ungeiweka wapi? Inaanza na Yasmin, binti mdogo wa Kihindi kaozwa mwanamume wa makamo asiyemtaka, anatoroka, kuna muziki, kuna mapenzi ya kuvuka mipaka ya watu, ukimpa mtu anayependa hadithi za mapenzi ataimeza. Ila humo humo kuna Denge na wenzake na harakati za kupinga ukoloni Zanzibar, kuna polisi, vikao vya siri, magereza. Mpenda siasa naye ataimeza. Na wote wawili watakuwa wamesoma kitabu kimoja bila yeyote kudanganywa, kwa sababu kwa Yasmin mapenzi ndo yanamfikisha kwenye siasa. Riwaya hii ilifanywa filamu ikatoka 2021 na watu wakaanza kuitafuta upya, jambo ambalo nalipenda, sina ugomvi na mtu aliyefika kwenye kitabu kupitia filamu, mlango ni mlango.

Ila filamu nayo ina hatari yake, inaweza ikakuwekea picha kichwani ukaona huna haja ya kitabu. Mfano wangu mkubwa hapa ni Frankenstein. Karibu kila mtu anajua lile jitu alilolitengeneza Frankenstein kisha akalikimbia, paji la uso bapa, linatembea kama limefungwa mbao miguuni, linakoroma. Hiyo ni filamu ya 1931. Sasa fungua kitabu. Kwanza aliyekiandika, Mary Shelley, alianza kukiandika mwaka 1816 akiwa na miaka 18, kwenye kiangazi cha mvua zisizokwisha huko Uswisi, wamejifungia ndani na marafiki wakashindana kutunga hadithi za kutisha, kikachapishwa 1818 bila jina lake. Yaani binti wa miaka 18! Leo tungempeleka kwenye rafu ya vijana akachague kinacholingana na umri wake.

Na hilo jitu linaongea. Linaongea vizuri kuliko wewe na mimi. Limejificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia moja maskini, linachungulia kwenye ufa, linajifunza lugha kwa kusikiliza, halafu siku moja porini linaokota begi la ngozi na ndani kuna vitabu vitatu. Hapa ndo mahali ninapopapenda kuliko pote. Kimoja ni cha kijana mwenye majonzi ya mapenzi, Werther wa Goethe. Kimoja ni Plutarch, maisha ya watu mashuhuri wa kale. Kimoja ni utenzi wa Milton kuhusu Adamu na kuanguka kwa Shetani. Mapenzi, wasifu, utenzi, vitu vitatu visivyohusiana, hakuna aliyelichagulia, hakuna aliyeliambia hiki ni cha kiwango chako na hiki subiri ukue, na lenyewe linasema liliusoma ule utenzi kama historia ya kweli. Cha kwanza kinalifundisha huzuni, cha pili kinalifundisha kuwaza mambo makubwa nje ya nafsi yake, cha tatu kinaliuma kabisa maana linajiona ndani yake, Adamu aliyeumbwa akaachwa, halafu linajiona zaidi Shetani kuliko Adamu. Mi sijaona popote maelezo mazuri kuliko haya ya jinsi mtu anavyokuwa msomaji. Na yako kwenye kitabu ambacho wengi wanakipita wakidhani ni cha kutisha tu.

(Kikutishe au kisikutishe, sura za mwanzo zina barua barua zinachosha kidogo, vumilia.)

Nikipita haraka kwenye hadithi za sayansi na fantasia: wanaosema hawazipendi mara nyingi wanamaanisha hawapendi roketi. Sawa, basi soma Kindred ya Octavia Butler, 1979, mwanamke mweusi wa California anavutwa ghafla kutoka 1976 mpaka shamba la watumwa Maryland, hakuna mashine wala maelezo ya kisayansi, mwandishi hakuona haja. Na ukitaka ya Kiswahili kuna Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa na chombo angani, badala ya kufa anatua kwenye nchi nyingine inayoendeshwa tofauti kabisa na alikotoka. Ni siasa tupu, ila siasa uliyopelekwa kuitazama kutoka mbali, na ukiwa mbali unaona vizuri zaidi.

Haya, mpaka wa umri. Huu ndo wa kuchekesha zaidi.

Mwaka 1936 mchapishaji wa Uingereza, Stanley Unwin, aliletewa mswada wa The Hobbit, hadithi ya fantasia ya J. R. R. Tolkien. Yeye alikuwa na imani kwamba wa kuhukumu vitabu vya watoto ni watoto wenyewe, akampa mwanawe Rayner, miaka 10, aandike ripoti kwa malipo ya shilingi moja. Dogo akasoma, akasifia, akamalizia kwamba kitabu kitawafaa watoto wote wa miaka 5 mpaka 9. Yeye ana 10! Keshajitoa, keshakua, anawaachia wadogo. Kitabu kikatoka 1937 na mpaka leo watu wazima wenye mvi wanakisoma, lakini sisi wote tumewahi kuwa huyo dogo, kuna siku tulifunga kitabu tukisema hiki cha watoto bwana, na siku hiyo tulipoteza kitu.

C. S. Lewis aliliona hili. Kwenye kitabu cha kwanza cha hadithi zake za watoto za Narnia, 1950, alimwandikia Lucy, binti aliyekuwa mtoto wake wa ubatizo, kwamba alianza kumtungia hadithi lakini wasichana wanakua haraka kuliko vitabu, kwa hiyo sasa keshakuwa mkubwa mno kwa hadithi za namna hiyo, ila ipo siku atakuwa mkubwa wa kutosha kuanza kuzisoma tena. Mkubwa wa kutosha kuzisoma TENA. Na mambo yanakwenda kinyume pia, Robinson Crusoe ya 1719 na safari za Gulliver za 1726 viliandikiwa watu wazima, Gulliver ni matusi ya kistaarabu kwa wanasiasa na wanasayansi wa zama zile, leo vyote viwili unavikuta vimefupishwa na vimechorwa picha kwa ajili ya watoto. Kitabu hakijabadilisha umri, wasomaji ndo wamekihamisha.

Na usidhani kitabu cha watoto ni kazi ndogo. Maurice Sendak, Where the Wild Things Are, 1963, kitabu kizima kina maneno 338. Mtoto mtundu anaadhibiwa kulala bila kula, anasafiri kwenda kwa madubwana, anakuwa mfalme wao, anachoka, anarudi chumbani anakuta chakula chake kinamsubiri na bado cha moto. Basi. Hasira, upweke, kusamehewa, kwa maneno machache namna hiyo. Msomee mtoto kwa sauti uone nani ananyamaza mwishoni, wewe au yeye.

Lakini ukitaka mfano mmoja tu wa kitabu kinachobadilika kadiri unavyokua mi nakupa Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951. Ukiisoma mdogo ni hadithi ya maajabu: nchi iko angani, wajumbe sita wanatumwa safari za mbali, mmoja mashariki, mwingine magharibi, kaskazini, kusini, mmoja mbinguni na mmoja ardhini, wanarudi na habari na kila anayerudi anaadhibiwa badala ya kushukuriwa. Mtoto anauliza tu, kwa nini wanawafunga? wameleta mambo mazuri! Swali zuri sana, na mtoto hajui kwamba kaliuliza swali zima la kitabu. Ukirudi ukiwa kijana unamwona Karama, anashtakiwa kwa sababu ya kutaka kufundisha sheria, na Majivuno anayemshtaki, unafurahia ule mdahalo, ile hamu ya kumshinda mkubwa kwa maneno. Ukirudi tena mtu mzima unaangalia mwaka, 1951, unamkumbuka mwandishi ni mtumishi wa serikali ya kikoloni anayeandika chini ya hiyo hiyo serikali, unaelewa kwa nini nchi iliwekwa angani. Na kuna mara nyingine, ukiwa umeshafanya kazi kwenye taasisi yoyote ile, unajikuta huwatazami tena wajumbe, unawatazama wale waliokaa kimya barazani. Hiyo ndo inauma. Maneno ni yaleyale, kila kituo pale pale, wewe ndo unayesomeka tofauti.

Kwa hiyo mtu akiniambia "nilishakisoma nikiwa shule" mi huwa namuuliza, nani alikisoma? Yule wa miaka 15 aliyekuwa anatafuta majibu ya maswali ya mtihani, dhamira tano na mifano? Kitabu cha kutahiniwa kina bahati mbaya, unakisoma na penseli mkononi unawinda tamathali za semi, huna nafasi ya kumpenda mtu. Siku Njema ya Ken Walibora, 1996, wapo walioisoma hivyo na bado mhusika mkuu, Kongowea Mswahili, akawashinda nguvu, wakampenda tu, ila kwa vitabu vingi mtihani unashinda. Kirudie kimoja sasa ambapo hakuna anayekusahihishia. Hizo ndo ajabu za bei rahisi kuliko zote maana kitabu tayari unacho au jirani anacho.

Sasa jinsi ya kuvipata. Sina orodha ya kukupa, orodha zinachosha, ila kuna tabia zinazosaidia. Moja ni kufuata uzi: ukimpenda mwandishi, tafuta yeye alikuwa anasoma nini. Bwana Msa anakupeleka kwa Holmes. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert inakupeleka Alfu Lela u Lela, na ukifika huko hutoki, maana humo kuna mapenzi, majini, upelelezi, safari za bahari, vichekesho, mambo ya watu wazima hasa, vyote kabla hata mtu hajawaza kuvitenganisha. Shujaa Okonkwo, ile tafsiri ya 1973 ya Things Fall Apart ya Chinua Achebe, inaweza ikakufikisha kwenye Chike and the River ya mwandishi huyohuyo, 1966, aliyoandikia watoto. Uzi mmoja tu unakuvusha aina tatu na umri miwili bila kusoma orodha ya mtu.

Wafuate na watafsiri. Elisi Katika Nchi ya Ajabu ilikuwepo kwa Kiswahili tangu 1940, Gurnah baada ya Nobel ya 2021 kaja kwa Kiswahili na Peponi, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ikatoka 2022. Mtafsiri ni msomaji aliyependa kitabu mpaka akakubali kukiandika upya chote neno kwa neno, sidhani kama kuna pendekezo zito kuliko hilo.

Na acha vitabu! Jamani acheni vitabu. Nancy Pearl, mkutubi maarufu wa Marekani, ana kanuni yake, kama una miaka 50 au chini soma kurasa 50 kisha amua, ukizidi 50 toa umri wako kwenye 100, kinachobaki ndo idadi ya kurasa unazodaiwa, maana muda wako unapungua, na ukifika 100 unaruhusiwa kuhukumu kitabu kwa kava lake. Daniel Pennac, Mfaransa aliyekuwa mwalimu, aliandika 1992 haki kumi za msomaji, humo kuna haki ya kuruka kurasa, ya kutomaliza, ya kusoma tena, ya kusoma chochote. Watu wanaodhani kumaliza ni wajibu huwa wanaishia kutosoma kabisa, wamekwama na kitabu kimoja mezani miezi na hawawezi kuanza kingine mpaka kile kiishe, na hakiishi.

Ila kuacha hakumaanishi kukifukuza. Kuna vitabu vya kuacha na vitabu vya kuahirisha, na tofauti unaijua ndani kwa ndani, cha kuacha kinakuchosha, cha kuahirisha kinakushinda huku kinakuvuta. Euphrase Kezilahabi anazo zote za kujaribia. Rosa Mistika, 1971, kijana anaisoma siku mbili tatu anamaliza, ni hadithi ya msichana na baba mkali na uhuru uliomjia ghafla, inaenda mbele moja kwa moja, na iliwatia watu wazima wasiwasi mpaka ikazuiwa mashuleni kwa muda. Halafu mtu huyohuyo baadaye akaandika Nagona, kijitabu chembamba kabisa, ukikiangalia unasema nitakimaliza kabla ya kulala. Unafungua, unakuta msimulizi yuko safarini sehemu ambazo hazina jina kwenye ramani, ndoto inaingia kwenye falsafa falsafa inaingia kwenye ngoma, hujui uko wapi wala umefikaje. Mimi nakirudia kila baada ya muda, kila mara kinanifikisha mbele kidogo kisha kinanitupa nje, na sijakiweka kwenye rafu ya vilivyoshindikana. Ukikutana na mtu anayekwambia alikielewa chote mara ya kwanza, usibishane naye, mwombe tu akusimulie.